Mali Bila Daftari: Maisha ya Fundi wa Kujalidi Vitabu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa sasa.)



Katibu wa Umoja aliponiandikia aliniomba nizungumzie mafanikio katika utumishi wa umma. Nilimjibu kwamba katika mkutano huu wamo wakurugenzi, madaktari na maofisa wa jeshi ambao wanaweza kulieleza jambo hilo vizuri kuliko mimi. Mimi ni afisa kumbukumbu. Sehemu kubwa ya siku yangu huipitisha nimevaa aproni, nikipika wanga na kushona vitabu vilivyochakaa. Katibu akanijibu kwa neno moja: "Hayo hayo." Basi leo nitazungumza hayo hayo.

Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1999. Baada ya kidato cha sita nilikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nikasoma historia. Nilipoajiriwa serikalini nilipangiwa masijala, yaani kile chumba ambamo majalada yote ya ofisi huingia na kutoka. Ndugu zangu nyumbani Kibondo hawakufurahi. Mjomba wangu aliniuliza mbele ya watu: "Miaka mitatu ya chuo kikuu, halafu umekwenda kubeba mafaili?" Miaka michache baadaye alikuja kunitembelea kazini, akanikuta nakoroga sufuria juu ya jiko la umeme. Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Wamekutoa kwenye mafaili," alisema, "sasa wamekupeleka jikoni."

Ndugu Mwenyekiti, mjomba anastahili jibu, na jibu lake litawafaa pia vijana hawa ambao karibuni watachagua kazi. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba daftari lenyewe nalo hupotea, tena kwa urahisi, na likipotea linaondoka na haki ya mtu. Haki ya mtu wa kawaida mara nyingi imeandikwa mahali pamoja tu, katika ukurasa mmoja wa rejista. Ukurasa huo utadumu iwapo yupo mtu anayejua kuutunza kwa mikono yake.

JINSI NILIVYOJIFUNZA

Katika ofisi yangu ya kwanza palikuwa na fundi mmoja aliyekaribia kustaafu. Sote tulimwita Mzee. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nane, kisha akajifunza kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji cha misheni. Vijana wa leo huenda hawajui kwamba kwa miaka mingi misheni kama Kipalapala huko Tabora, na Ndanda na Peramiho kule kusini, zilikuwa na mitambo ya kuchapa, na kwa hiyo zilikuwa pia shule za ufundi. Baadaye Mzee aliingia serikalini, akawa anajalidi magazeti ya Serikali, leja za hazina na vitabu vya mahakama.

Vifaa vyake vyote vilienea katika sanduku moja la mbao: kisu, rula ya chuma, sindano, chuma cha kutobolea, brashi mbili, jiwe zito lililovikwa kitambaa, na mfupa wa kukunjia karatasi aliouchonga mwenyewe kutokana na ubavu wa ng'ombe. Mimi nilikuwa na shahada na yeye alikuwa na cheti cha darasa la nane, lakini katika chumba kile mwanafunzi nilikuwa mimi. Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kugusa kitabu chochote. Kazi yangu ilikuwa kukunja karatasi tupu, kutwa nzima, mpaka mkunjo wa mia ukalingana na mkunjo wa kwanza.

Somo lake la kwanza lilikuwa hili. Karatasi ina nyuzi kama ubao ulivyo na nyuzi zake, na kuna upande inaokubali kukunjwa na upande inaokataa. Ninyi wanafunzi, mkirudi bwenini chukueni gazeti la zamani mlichane. Kutoka juu kwenda chini litachanika kwa mstari ulionyooka. Kutoka kushoto kwenda kulia litakwenda kombo. Kitabu kilichotengenezwa na fundi anayejua kazi, nyuzi zake hufuata mgongo wa kitabu, ndiyo maana hulala wazi mezani bila kukishikilia. Kitabu cha fundi asiyejua hujifunga chenyewe, na msomaji akikilazimisha mgongo hukatika.

Baada ya kukunja huja kushona. Karatasi kadhaa huwekwa moja ndani ya nyingine zikawa mkunjo mmoja. Mikunjo hupangwa, hutobolewa matundu yanayolingana, kisha hushonwa mmoja baada ya mwingine juu ya kanda za kitambaa kwa uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki. Nta huzuia uzi usijisokote wala kuchanja karatasi. Ndipo mgongo hupakwa wanga, huwekwa kitambaa, na mwisho kabisa huja jalada. Sisi watumishi wa serikali tunaposema "jalada" tunakusudia faili. Kwa fundi, jalada ni nguo ya kitabu, nayo huvishwa mwisho, baada ya mwili kuwa imara. Ukiona mtu anabandika jalada zuri juu ya kitabu ambacho hakikushonwa, ujue umeuziwa koti.

Mzee alistaafu mwaka 2011. Siku ya kuondoka alinikabidhi ule mfupa wa kukunjia. Ninautumia mpaka leo.

UFUNDI TULIOZALIWA NAO

Niliporudi likizo baada ya mafunzo hayo nilianza kuyatazama ya nyumbani kwa macho mengine. Nilitambua kwamba karibu kila kitu alichonifundisha Mzee, Buha ilikuwa nacho.

Babu yangu alikuwa mfuga nyuki. Sote tunaijua asali ya Kibondo. Babu hakununua mzinga hata siku moja. Aliuchuna gome zima kutoka kwenye mti wa miombo, akalikunja lirudi katika umbo lake la mviringo, akalishona mahali lilipokutana na kuziba ncha zake. Mtu anayejua kuvua gome bila kulipasua, na kulishona bila kulichana, tayari anajua nusu ya kazi ya kitabu. Na nta aliyoikamua babu baada ya asali ndiyo nta ile ile ninayopaka uzi wangu. Mpaka sasa naagiza bonge la nta kutoka nyumbani kila mwaka.

Tazameni pia vikapu vya mama zetu. Mama huzungusha ukindu juu ya ukindu na kushona mzunguko mpya kwenye mzunguko uliotangulia. Uzi ukilegea kidogo kikapu kinapinda, na ukikazwa mno kinanyong'onyea upande mmoja. Mkono wa fundi wa vitabu unafanya kazi hiyo hiyo anaposhona mkunjo kwenye mkunjo. Bibi yangu alipoona nikishona alisema tu kwamba nakaza mno, na kweli nilikuwa nakaza mno.

Kuna pia nguo za magome ya miti ambazo wazee wetu walivaa kabla ya kaniki na marekani kufika. Gome la ndani lilipondwa kwa nyundo ya mbao mpaka likawa laini na pana. Majirani zetu wa Buganda waliuendeleza ufundi huo, na UNESCO iliutambua mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Karatasi za kutengenezwa kwa mkono za Japani, ambazo mafundi wa dunia nzima hutumia kuziba kurasa zilizochanika, hutokana na gome la ndani la mti pia. Hupikwa, hupondwa, na nyuzi zake ndefu hutandazwa majini. Karatasi hiyo ni nyembamba kiasi kwamba unaweza kuibandika juu ya mwandiko na bado ukausoma.

Mwisho ni wanga. Mafundi wa nchi nyingi hupenda wanga wa ngano, lakini wanga wa muhogo nao huweza kutengeneza gundi safi, na sisi watu wa ugali wa muhogo hatuhitaji kuelezwa jinsi ya kuupika. Sehemu moja ya wanga kwa sehemu nne au tano za maji, moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka mchanganyiko uache weupe na kung'aa. Uache upoe, uchuje kwa kitambaa. Sababu ya kuupenda wanga kuliko gundi nyeupe ya dukani ni kwamba wanga huachia ukiloweshwa maji. Fundi atakayekuja baada ya miaka hamsini ataweza kuifumua kazi yangu bila kuumiza karatasi. Gundi ya dukani ikishakauka, imekauka.

MAADUI WA KITABU

Adui wa kwanza yumo ndani ya karatasi. Tangu katikati ya karne ya 19 karatasi nyingi zimetengenezwa kwa mbao zilizosagwa pamoja na dawa zinazoacha asidi. Asidi hiyo hula karatasi polepole. Hata gazeti lililoachwa juani huwa la manjano upesi, na baada ya muda huvunjika kama biskuti. Kabla ya hapo karatasi zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, nazo hudumu sana. Karne ya 18 na ya 19 mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate huko Lamu, ulijulikana kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono na kwa mafundi wa ngozi. Misahafu ya Siyu ipo mpaka leo na maandishi yake yanasomeka, wakati barua iliyopigwa chapa mwaka 1975 inaweza kukatika mkononi mwako ukiifungua.

Maadui wengine mnawafahamu: mchwa, panya, mende, na unyevu wa msimu wetu mrefu wa mvua, unaoanza kama Novemba na kutuacha Aprili au Mei. Ukungu ukiingia kitabuni, kurasa hushikana zikawa tofali.

Adui wa mwisho ni mtu mwenye nia njema. Mtu huyu huona ukurasa umechanika, huchukua selotepu, akaubandika na kuridhika. Baada ya miaka michache plastiki hujibandua yenyewe, lakini gundi yake imekwisha zama ndani ya karatasi na kuacha doa la kahawia juu ya maandishi. Mwingine hubana karatasi kwa pini, pini ikapata kutu, kutu ikatoboa. Ninatumia saa nyingi zaidi kuondoa selotepu kuliko kurekebisha uharibifu wa mchwa.

KAZI HII SI NGENI NCHINI

Wako wanaodhani kwamba kuhifadhi maandishi ni anasa ya nchi tajiri. Nchi yetu ilitunga sheria ya nyaraka za Taifa mwaka 1965, Uhuru ukiwa na miaka minne tu. Kati ya mwaka 1967 na 1969 kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zilipangwa upya kwa msaada wa wataalamu kutoka Ujerumani Magharibi, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Miswada na vitabu vya Kiarabu vilivyohifadhiwa Zanzibar viliingizwa katika orodha hiyo mwaka 2003. Leo tunaongozwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002, ambayo haimruhusu mkuu wa ofisi yoyote ya umma kuchoma kumbukumbu kwa sababu tu kabati limejaa.

Hata huko kwa matajiri, elimu hii ilikua kutokana na msiba. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika katika mji wa Florence, Italia, na matope yakaingia katika Maktaba ya Taifa na kulowesha mamia ya maelfu ya vitabu. Mafundi walikwenda kutoka nchi nyingi, akiwamo Peter Waters wa Uingereza, wakawa wanaosha kurasa moja moja na kuzianika. Walichojifunza pale ndicho tunachofundishwa hadi leo: usifanye zaidi ya kinachohitajika, na usifanye lolote ambalo mwenzako wa baadaye hataweza kulifumua.

WAZEE WAWILI NA REJISTA MOJA

Sasa niwape mfano wa karibu. Mwishoni mwa mwaka 2019 na Januari 2020, laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, kila mtu nchini alikuwa anatafuta kitambulisho cha Taifa. Kwa sisi wa mpakani jambo hili lina uzito wake. Mkoa wetu umepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo kwa vipindi vingi, mwaka 1972, mwaka 1993, mwaka 1996, na lugha yetu inakaribiana sana na ya majirani zetu. Kwa hiyo afisa anayekuuliza baba yako alizaliwa wapi anatimiza wajibu wake. Lakini mzee aliyezaliwa miaka ya arobaini, ambaye hakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa, atamjibu kwa kitu gani?

Mwenzetu mmoja tuliyesoma naye hapa aliniletea Dodoma rejista ya uandikishaji ya shule moja ya msingi ya upande wa Kasulu. Ilikuja na barua ya mwalimu mkuu, ikiwa imefungwa ndani ya kiroba cha mchele. Baba yake alisoma shule hiyo, na kwa uchunguzi wao wote hapakuwa na karatasi nyingine duniani yenye jina la mzee huyo pamoja na la baba yake.

Rejista hiyo ilikuwa imekaa miaka mingi katika kabati lililogusa ukuta. Jalada halikuwapo. Kurasa za katikati zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, nyingine zimezungushiwa selotepu, na mchwa waliingia kwa nyuma wakala kurasa za mwisho mpaka mgongoni. Niliifanyia kazi kwa wiki tatu, jioni na Jumamosi. Kwanza niliiacha ikauke yenyewe kivulini. Kisha nikapiga vumbi kwa brashi laini, nikafumua nyuzi, nikatenganisha kurasa moja moja kwa ubapa mwembamba wa chuma. Wino niliujaribu kwa pamba yenye unyevu kabla ya kuruhusu tone la maji liukaribie. Selotepu niliilegeza kidogo kidogo. Matundu niliyaziba kwa karatasi nyembamba na wanga, nikaweka chini ya jiwe, nikasubiri.

Ukurasa tulioutafuta ulionekana wiki ya pili. Kwa wino wa bluu iliyoiva, mwandiko wa mwalimu wa zamani, palikuwa na jina la mtoto, jina la baba yake, kijiji, jina la mtwale, na mwaka wa kuingia darasa la kwanza: 1953. Ninyi vijana, watwale walikuwa wasaidizi wa mwami. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Kijiji kilichoandikwa pale nacho hakipo tena, kwa sababu mwaka 1972, wakati wa Operesheni Kigoma, watu walihamishiwa vijiji vipya na mahali pale pakawa pori. Tena wilaya zilipogawanywa, zilizokuwa mbili zikawa nne, majalada nayo yaligawanywa, na mengine yakapotea njiani. Mstari ule mmoja wa wino ulikuwa ndio mahali pekee ambapo kijiji, mtwale, baba na mtoto walikuwa bado pamoja. Nakala iliyothibitishwa ilikwenda, na mzee akapata kitambulisho.

Lakini wazee walikuwa wawili. Rafiki yake, aliyeingia shule hiyo miezi michache baadaye, alikuwa amesikia habari za rejista na kuomba nimtafutie jina lake. Jina lake lingekuwa katika kurasa za mwisho. Kurasa za mwisho zilikuwa udongo. Nilizikuta kingo tatu za karatasi na mashimo kati yake, nikazihifadhi kama nilivyozikuta. Hakuna ufundi unaorudisha neno lililokwisha kuliwa. Mzee huyo ilimbidi atafute mashahidi, na mashahidi wake wengi walikuwa makaburini. Alifanikiwa mwishowe kwa ushahidi wa wazee wenzake wawili, baada ya safari nyingi za kwenda na kurudi zilizomgharimu nauli ya mbuzi wawili. Wote wawili walikuwa watoto wa kijiji kimoja, wa mwalimu mmoja, katika rejista moja. Kilichowatofautisha ni upande wa kabati.

SHULE YETU

Ndugu Mwenyekiti, jana jioni Mkuu wa Shule aliniruhusu kuingia stoo ya ofisi. Nilitaka kuona rejista zetu wenyewe. Daftari la kwanza la uandikishaji lipo na ni zima. Vitabu vya matokeo vipo, ingawa viwili vimezungushiwa selotepu. Kipo hata kitabu cha adhabu, na baadhi ya waheshimiwa mliokaa safu ya mbele nimeyasoma majina yenu. Lakini vyote vimekaa kwenye rafu ya mbao inayogusa ukuta, na njia ya udongo ya mchwa imekwisha fika ubao wa chini. Tuna muda. Sidhani kama ni mrefu.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo haya. Kwanza, rafu ivutwe kutoka ukutani leo hii kabla hatujaondoka, na kitabu chochote kisikae karibu na sakafu kuliko urefu wa kiganja. Hilo halihitaji fedha. Pili, Umoja ununue kabati moja la chuma. Tatu, selotepu na pini zipigwe marufuku katika ofisi hii, na mahali pake nitaleta karatasi nyembamba na kufundisha jinsi ya kuitumia. Nne, kila rejista ipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na nakala zitunzwe mahali pawili tofauti.

Wako watakaosema kwamba baada ya kupiga picha hatuna haja ya kitabu. Picha ni msaada mkubwa, nami nazipiga kila siku. Lakini simu ikitumbukia Malagarasi imekwenda na yote, na panapotokea ubishi juu ya jina lililofutwa au kuongezwa, atakachotaka kukiona mwamuzi ni karatasi yenyewe na wino wake.

Mimi nitachukua wiki moja ya likizo yangu Juni ijayo nije hapa na sanduku la vifaa. Naomba wanafunzi kumi. Sihitaji wale wa kwanza darasani. Nahitaji wenye subira, na nitafurahi wakiwamo waliosaidia nyumbani kusuka vikapu au kutengeneza mizinga. Wanga na nta vitatoka hapa hapa.

Kwenu ninyi wanafunzi nina neno la mwisho. Someni kwa bidii, mwende vyuo vikuu mkiweza. Lakini msidhani kwamba elimu inawaondoa katika kazi ya mikono. Jioni, nikitoka ofisini, natengeneza madaftari ya kuandikia, nayashona kwa uzi wenye nta na kuyavika vipande vya vitenge vinavyobaki kwa fundi cherehani jirani yangu. Watu huyanunua kwa harusi na kwa vitabu vya mikutano ya vikoba. Si utajiri, lakini ada ya mtoto wangu mmoja imetoka humo. Na kila daftari ninalolishona nalishona nikijua kwamba huenda siku moja mtu atalitafutia ndani yake jina la baba yake.

Mjomba wangu yuko hapa leo. Kitambulisho chake anacho mfukoni, na ameahidi kusukuma rafu.